Bao, Mchezo na Kura

Msomaji kijana, ukipita alasiri katika mji wowote wa pwani ya kusini, tangu Tiwi hata Vanga, huenda ukawakuta wazee wawili wameinama juu ya bao, na wengine wamewazunguka wakitazama. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na sheria zake hazikubandikwa ukutani; kila mchezaji anazo kichwani. Mtoto asimamaye pembeni hafundishwi kwa kitabu. Hutazama, hujaribu, hukosea, huchekwa, kisha hujaribu tena. Na lililo kubwa kuliko yote, huona ya kwamba mzee aliyeshindwa hapindui bao. Huzikusanya kete, akazipanga upya, na jioni ikiingia wote wawili hurudi majumbani kwa njia moja.

Nimeanza na bao kwa sababu nataka tuzungumze juu ya kura. Uchaguzi nao una sheria zake, una washindani wake, una mshindi na mshinde. Katika zama zetu kuna michezo ya kompyuta na ya simu, ichezwayo kwa njia ya intaneti, iliyotungwa makusudi kuwafundisha vijana mambo ya uraia. Je, kura yaweza kufunzwa kwa mchezo? Kabla ya kujibu, yafaa tutazame kwanza jinsi watu wa Kwale na Wakenya wenzao walivyojifunza kura pasipo mchezo wowote, na gharama waliyolipa.

Somo la kwanza lilikuja Machi 1957. Hapo ndipo Waafrika wa Kenya walipowachagua wenyewe, kwa mara ya kwanza, wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane tu kwa nchi nzima, na kiti cha Pwani kilichukuliwa na Ronald Ngala, mtu aliyekuwa mwalimu. Lakini si kila mtu mzima aliyeruhusiwa kupiga kura. Ilimpasa mtu awe na elimu, au mapato, au mali, au utumishi wa kiasi kilichowekwa na serikali ya kikoloni. Na aliyetimiza masharti mengi zaidi aliweza kupewa kura mbili au hata tatu. Basi mwananchi aliyesimama kituoni siku ile alifundishwa mambo mawili kwa pamoja: kwamba sauti yake ina thamani, na kwamba sauti ya jirani yake ina thamani kubwa zaidi. Kosa hilo liliondolewa katika uchaguzi wa Mei 1963, kila mtu mzima alipopata kura moja, wala si zaidi.

Somo la pili lilikuja mwaka 1988. Wakati huo nchi ilikuwa na chama kimoja tu kwa mujibu wa sheria, yaani KANU. Katika kuwateua wagombea wa chama, wapiga kura walitakiwa wapange mstari hadharani nyuma ya mtu wanayemtaka. Watu waliuita mlolongo. Fikiri, msomaji, hali ya mtu anayeishi juu ya shamba lisilo lake, na pwani yetu ina wengi wa namna hiyo, akitakiwa achague mstari huku mwenye shamba akimtazama. Fikiri hali ya mwenye deni mbele ya mdai wake. Tena mgombea aliyepata asilimia 70 katika mlolongo aliingia Bungeni bila kupingwa, hata kura ya siri isipigwe. Mambo hayo yaliwafunza Wakenya kwa uchungu maana ya siri ya kura. Na katika uchaguzi wa mwaka 1992, wenye vyama vingi, mlolongo haukutumika.

Somo la tatu ndilo lililo zito kuliko yote. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, kundi la watu wenye silaha lilishambulia kituo cha polisi cha Likoni, na ghasia zikaenea mpaka Kwale. Waliolengwa zaidi ni watu wa bara waliokuwa wakiishi pwani. Zaidi ya watu mia moja waliuawa, na maelfu kwa maelfu wakakimbia makao yao. Wengi waliochunguza mambo hayo waliona kwamba shabaha mojawapo ilikuwa kuwafukuza wapiga kura waliodhaniwa kuwa wa upande mwingine. Hoteli za Diani zikakosa wageni, na watu ambao hawakumgusa mtu yeyote wakapoteza riziki zao. Miaka kumi baadaye, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, moto wa namna hiyo uliwaka sehemu nyingi za Kenya, na zaidi ya watu elfu moja wakafa.

Hayo ndiyo tuliyofunzwa bila mchezo. Sasa tuutazame mchezo wenyewe.

Mwaka 2009, huko Marekani, Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya nchi ile, alianzisha taasisi ambayo baadaye iliitwa iCivics, kusudi iwafundishe wanafunzi uraia kwa michezo ya intaneti. Katika mmoja wa michezo hiyo, mwanafunzi huwa mgombea wa urais. Huchagua hoja zake, hukusanya fedha, huzunguka jimbo baada ya jimbo akitafuta kura. Hapa kwetu nako, kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, kampuni ya Afroes ilitoa mchezo wa simu ulioitwa Haki, wenye maneno "Chaguo ni Lako", ili kuwahimiza vijana washike amani.

Faida ya michezo hii ni dhahiri. Kosa la mchezoni halimwagi damu. Mwanafunzi anayemdharau mpiga kura ndani ya mchezo hushindwa, akajua sababu, akaanza tena. Tena mambo yaliyo magumu vitabuni huwa mepesi mkononi. Mpiga kura wa Kwale hupewa karatasi sita kwa siku moja: ya Rais, ya Gavana, ya Seneta, ya Mwakilishi wa Wanawake, ya Mbunge, na ya mwakilishi wa wadi yake, mojawapo ya wadi 20 za kaunti hii. Aliyekwisha kuzishika karatasi sita za mchezo hatababaika siku atakapozishika za kweli.

Lakini, ewe kijana, usiuchukue mchezo bila kuupima. Kwanza, utazame ulitungwa wapi. Katika mchezo wa Kimarekani mshindi ni yule apataye kura 270 za wajumbe wa majimbo kati ya 538. Kenya haina hesabu hiyo. Katiba yetu ya mwaka 2010 inamtaka Rais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na asilimia 25 angalau katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Lau kijana wa Ukunda angeshika sheria za mchezo wa wageni na kuziacha za kwao, angekuwa kama mtu aliyejifunza njia za mji asiokaa.

Pili, kumbuka kwamba mashine huhesabu kama mtungaji wake alivyoiamuru, lakini watu hawahesabiki hivyo. Tarehe 15 Desemba 2020 watu wa Msambweni walipiga kura kumtafuta mbunge mpya, baada ya kufariki kwa Suleiman Dori. Feisal Abdallah Bader, aliyesimama bila chama, alimshinda mgombea wa ODM, chama kilichokuwa na nguvu nyingi pwani. Kama mchezo ungetoa alama kwa ukubwa wa chama peke yake, jibu lake lingekuwa kosa.

Tatu, na hapa ndipo ulipo mzizi wa jambo, katika mchezo aliyeshindwa hubonyeza kitufe akaanza upya papo hapo. Katika uchaguzi hungoja miaka mitano, na katika miaka hiyo huishi pamoja na waliomshinda, akachota maji kisima kimoja nao. Kama ana hakika ameonewa, yako mahakama. Nayo Mahakama ya Juu ilionyesha nguvu yake tarehe 1 Septemba 2017 ilipoufuta uchaguzi wa Rais. Njia hiyo ina siku zake na ushahidi wake, wala haina panga ndani yake. Subira hii mashine haiwezi kuifundisha peke yake, kwa sababu mashine si jirani wa mtu.

Kwa hiyo mwalimu asikomeshe somo pale kompyuta inapozimwa. Na shule isiyo na intaneti isijione maskini, kwani sanduku la karatasi na kalamu vyatosha. Wanafunzi na wagombee, wahojiwe, wapigiwe kura ya siri, na kura zihesabiwe mbele ya wote. Kisha mwalimu asimuulize mshindi neno. Amwite aliyeshindwa asimame, ampe mkono mwenzake, aseme mbele ya darasa ni kazi gani atasaidia kuifanya. Mwanafunzi aliyefanya hivyo mara tatu nne shuleni atafika kituoni akiwa na miaka 18 hali ameshajifunza lile ambalo nchi yake ilijifunza kwa misiba.

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Ukipita tena penye bao, msomaji, simama kidogo. Usimtazame anayeshinda. Mtazame yule anayezikusanya kete.