Kutoka Ramani ya Karatasi hadi Jengo Ndani ya Kompyuta

Nyumba za mawe za mwambao wetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa, zina jambo moja ambalo mgeni huligundua mara tu anapoingia: vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba. Si kwamba mwenye nyumba alikosa uwanja. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiwezi kuvuka kwa salama zaidi ya mita tatu hivi. Kwa hiyo mti wa pwani ndio uliomwamulia mwashi upana wa chumba, na mwashi akamwamulia tajiri.

Tumeanza na boriti kwa sababu inatukumbusha kanuni ambayo sisi wahandisi hatupaswi kuisahau: kila zama hujenga kile ambacho zana zake zinaruhusu. Karatasi nayo ilikuwa zana, na ilikuwa na mipaka yake kama boriti. Kwa karne nyingi msanifu majengo alichora kwa rula, kona na bikari, na majengo ya dunia yakafuata: mistari iliyonyooka, kona za mraba, matao ya duara. Si kwamba watu hawakuota maumbo mengine. Waliyaota, ila hawakuwa na njia ya kumweleza fundi, wala ya kukokotoa kama jengo litasimama.

Mfano mkubwa wa ndoto iliyotangulia zana yake uko Sydney, Australia. Mwaka 1957 msanifu wa Denmark, Jørn Utzon, alishinda shindano la kubuni jumba la opera kwa michoro ya paa lenye magamba yaliyofurika kama matanga ya jahazi. Michoro ilipendeza mno, lakini magamba yale hayakuwa na kanuni yoyote ya hesabu nyuma yake. Ujenzi ulianza mwaka 1959, kabla hajapatikana mtu wa kueleza paa litajengwaje. Wahandisi wa Ove Arup wa London walijaribu umbo baada ya umbo. Walitumia hata kompyuta ya aina ya Pegasus, ile iliyofanya kazi kwa valvu za kioo kama redio za zamani, katika siku ambazo kutumia kompyuta kukokotoa jengo lilikuwa jambo geni kabisa.

Ufumbuzi ulipatikana mwaka 1961: magamba yote yakatwe kutoka tufe moja, lenye nusu kipenyo cha mita 75 hivi. Hapo mkunjo ukawa mmoja kila mahali, na vipande vya zege vikaweza kumiminwa chini kwa kalibu zilezile, kisha vikapandishwa juu na kuunganishwa. Lakini gharama ya kuanza kujenga kabla ya kujua ilikuwa nzito. Nguzo zilizokwisha kujengwa chini hazikutosha kubeba paa, ikabidi ziimarishwe upya. Utzon alijiuzulu mwaka 1966, na jumba lilifunguliwa mwaka 1973. Makadirio ya mwanzo yalikuwa dola milioni 7 za Australia. Hesabu ya mwisho ikafika milioni 102.

Wakati Sydney inahangaika, dawa ya ugonjwa wake ilikuwa inachemshwa kwingine, na si kwa wasanifu majengo. Mwaka 1963, katika chuo cha MIT huko Marekani, Ivan Sutherland alionyesha programu aliyoiita Sketchpad. Mtu alichora kwa kalamu ya mwanga juu ya kioo cha kompyuta, na mashine ikashika masharti: mistari hii iwe sambamba, pande hizi ziwe sawa. Ukivuta upande mmoja, mchoro wote unajirekebisha. Ufaransa nako, Paul de Casteljau wa kiwanda cha Citroën na Pierre Bézier wa Renault, kila mmoja kwa upande wake, walipata njia ya kueleza mikunjo ya bodi ya gari kwa hesabu. Jambo lililokuwa siri ya jicho na mkono wa fundi likawa namba ambayo mashine ya kukatia chuma inaweza kuisoma.

Kutoka kwenye magari elimu hiyo ilihamia kwenye ndege. Kampuni ya Dassault ya Ufaransa, mashuhuri kwa ndege za kivita, ilitengeneza programu ya CATIA kuanzia mwaka 1977. Hiyo ndiyo iliyookotwa na ofisi ya Frank Gehry, msanifu wa Los Angeles. Gehry mwenyewe hakuwa mtu wa kompyuta. Alikata karatasi na mbao kwa mkono, akakunja na kubandika mpaka umbo limridhishe. Wasaidizi wake walipima sanamu hiyo nukta kwa nukta, wakaingiza vipimo katika CATIA, na umbo likazaliwa upya kwa hesabu. Walianza na sanamu ya samaki kwa ajili ya michezo ya Olimpiki ya Barcelona ya mwaka 1992. Mwaka 1997 likafunguliwa jumba la makumbusho la Guggenheim huko Bilbao, Hispania, lililovikwa maelfu ya mabamba ya titani, na ambalo kwa umbo ni gumu kuliko Sydney. Lakini halikuwa na msiba wa Sydney, kwa kuwa watengenezaji wa vyuma walipokea vipimo kutoka kwenye umbo lilelile alilolikubali msanifu, bila kukisia.

Hapa ndipo penye kiini cha mabadiliko. Sisi tuliosoma uhandisi huku ughaibuni tulikuta bado kalamu za wino na karatasi ya kupenyesha mwanga, na kosa lilikwanguliwa kwa wembe. Ramani ya juu ilichorwa peke yake, ya ubavu peke yake, ya mkato peke yake, na ilikuwa kazi ya binadamu kuhakikisha zote zinasimulia jengo moja. Ukisogeza dirisha katika ramani moja, ukasahau nyingine, fundi ndiye atakayeligundua kosa, tena akiwa juu ya kiunzi.

Leo kinachotengenezwa kwanza ni jengo lenyewe ndani ya kompyuta, ambalo wenye kazi huliita modeli. Ukuta ndani ya modeli unajua kuwa ni ukuta: una unene, aina ya tofali na uzito. Ramani za karatasi zimekuwa vivuli vya modeli; ukisogeza dirisha mara moja, vivuli vyote vinafuata. Bomba la maji likipita katikati ya boriti ya chuma, mashine inalalamika kabla shimo la kwanza halijachimbwa. Wazo hili Charles Eastman aliliandika huko Marekani tangu mwaka 1975, lakini lilisubiri miaka mingi kompyuta zenye nguvu ya kulibeba. Uingereza iliyadai makampuni yanayojenga kwa fedha za serikali kuu yafanye kazi kwa njia hii kuanzia mwaka 2016.

Ndugu zetu walioko Ghuba wanaweza kuyaona matunda yake kwa macho. Jumba la Makumbusho ya Mustakabali la Dubai, lililofunguliwa Februari 2022, lina umbo la pete iliyobonyezwa, na mwili wake wote umeandikwa kwa hati ya Kiarabu ambayo ndiyo madirisha yake. Gamba lake ni mabamba 1,024, na kila bamba lina mkunjo wake na kipande chake cha herufi. Mtu na rula asingemaliza kazi hiyo. Wabunifu waliweka masharti, kompyuta ikatafuta jinsi vyuma vya ndani vitakavyopangika. Msanifu wa leo hachori umbo moja tu. Anaandika kanuni, kisha anachagua miongoni mwa mamia ya maumbo yanayotokana nayo.

Hata hivyo, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tarehe 23 Agosti 1991, huko Norwei, msingi mkubwa wa zege wa jukwaa la mafuta liitwalo Sleipner A ulizama wakati wa kujaribiwa. Hakufa mtu, lakini hasara ilikuwa mamia ya mamilioni ya dola. Uchunguzi ulionyesha kuwa modeli ya kompyuta ilikuwa imegawanywa vipande vikubwa mno mahali palipohitaji vidogo, hivyo nguvu ya kukata zege ikakadiriwa pungufu kwa asilimia 47, na nondo zikawekwa chache. Kompyuta haikukosea kujumlisha. Ilijibu kwa usahihi swali lililoulizwa vibaya. Kwa sababu hiyo vijana wanaoanza kazi tunawaambia: picha ya rangi nzuri kwenye kioo si ushahidi. Chukua kalamu, kokotoa kwa mkono japo kwa makadirio, uone kama mashine inasema jambo la akili.

Yupo pia mwenye haki ya kuuliza: sisi tusiojenga majumba ya titani, haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu, tena kwa mlango wa nyuma. Mashine ya leza inayopima jengo jipya inaweza kupima la kale. Kanisa la Notre-Dame la Paris lilipoungua Aprili 2019, lilikuwa limekwisha kupimwa kwa leza na Andrew Tallon, mwanahistoria wa sanaa kutoka Marekani, na paa lake la mbao lilikuwa limepimwa kwa mkono na wasanifu wawili Wafaransa mwaka 2014. Vipimo hivyo vikawa miongoni mwa hazina za warejeshaji, na maseremala wakachonga boriti za mwaloni kwa mashoka kama mababu zao. Kanisa lilifunguliwa tena Desemba 2024. Kompyuta ilitunza kumbukumbu, lakini bila mkono wa fundi kumbukumbu hiyo isingesimamisha paa.

Kwetu, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamekwisha kupimwa kwa leza na mradi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ambao jina lake kila msomaji wetu atalielewa: Zamani. Lakini magofu hayo ni sehemu ndogo tu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo lililostahimili mizinga ya Waingereza ya mwaka 1896 lilishindwa na maji, chumvi na miaka.

Wengi wetu tuna nyumba ya babu katika Mji Mkongwe, Lamu, Mombasa au Pangani, ambayo imegawanywa kwa warithi kumi na haina ramani hata moja. Hatuhitaji kusubiri leza ya chuo kikuu. Tukienda likizo, twende na kamba ya kupimia na kamera, tupime kila chumba, tupige picha kila ukuta, tuandike boriti zimelazwa vipi na chokaa ilichanganywaje, tukiwauliza mafundi wazee wangali hai. Vijana wetu wanaosoma usanifu huku ng'ambo wataweza kuyageuza hayo kuwa modeli katika wiki chache. Ila kile alichokijua fundi, tusipokiandika leo, hakuna mashine itakayoweza kukikisia kesho.