Stelingi ya mtumba ya Chuno: nani kapigwa, aliyeuza au aliyenunua?

Wadau, hii stori imenisumbua wiki nzima. Jamaa mmoja wa hapa Chuno, jina kapuni, kauza stelingi yake ya gemu kwa nusu ya bei aliyonunulia. G27 ya Logitech, mtumba, pesa ya korosho. Kisa? Eti imekufa: katikati inalegea, kwenye kona inakaza kama jiwe, mkono unauma tu. Na kaka yake alishamwambia mbele za watu kwamba pesa ya msimu kaiteketeza kwenye midoli.

Dogo wa Shangani akaichukua. Siku tatu baadaye karusha video status, anaendesha basi kwenye Euro Truck Simulator 2, mkono umetulia kinoma. Jamaa kanuna, anasema katapeliwa. Mimi nasema hakuna tapeli hapo. Kilichompiga ni kutojua stelingi yake imetoka wapi.

Twende nyuma kidogo. Mwaka 1976 Sega walitoa Moto-Cross, mashine ya gemu ya pikipiki. Ukigonga, usukani unatetemeka, basi. Mwaka 1989 Atari Games wakaja na Hard Drivin', na humo usukani ulikuwa unavutana na wewe kama wa gari kweli. Baadaye mambo yakaingia majumbani: 2001 Logitech wakatoa GT Force kwa ajili ya Gran Turismo 3 ya PlayStation 2. Mwaka 2006 ikaja G25 yenye digrii 900, yaani mizunguko miwili na nusu toka kushoto mwisho mpaka kulia mwisho. G27 ikafuata, kisha G29 mwaka 2015.

Hizo tatu za mwisho ni ndugu. Ndani kuna mota mbili ndogo na gia, na setingi zote zinazotusumbua zimezaliwa humo.

Kwanza, ule ulegevu wa katikati. Meno ya gia yana nafasi kidogo, kwa hiyo nguvu ndogo inaishia humo humo, haifiki mkononi. Ndiyo maana gemu kama Assetto Corsa lina setingi ya nguvu ya chini kabisa. Unaipandisha taratibu mpaka ulegevu upungue. Ukizidisha, stelingi inaanza kutikisika yenyewe kushoto kulia.

Pili, nguvu. Mota za G29 zinatoa kama nyutoni mita 2 tu. CSL DD ya Fanatec iliyotoka 2021, ambayo mota imeungwa moja kwa moja na usukani bila gia, inaanzia 5. Jamaa yetu aliweka asilimia 100 kila mahali akidhani anaongeza utamu. Kumbe ni sawa na spika ya kigodoro iliyofunguliwa mpaka mwisho: inakoroma, maneno husikii. Mota ikifika kikomo, tuta, jiwe na tairi kuteleza vyote vinakuja mkononi kama pigo moja.

Tatu, springi ya kurudisha katikati. Hii ni urithi wa magemu ambayo hayakutuma nguvu yoyote, kwa hiyo stelingi ilihitaji kitu cha kuirudisha. Gemu linalopiga hesabu ya tairi lenyewe halihitaji hiyo. Ukiiacha, springi na tairi zinagombana, na wewe ndo unaumia mkono.

Dogo alifanya nini? Digrii 900, springi akazima, nguvu ya ndani ya gemu akaishusha hatua kwa hatua mpaka akaanza kusikia barabara. Ulegevu bado upo kidogo. Hiyo ni gia, haiponi.

Sasa ukweli mchungu, bro. Hukuuza kwa sababu stelingi imekufa. Uliuza kwa sababu ya aibu, ulitaka kaka yako anyamaze. Mashine ya zamani haina makelele ya kujitetea, ni mpaka uijue. Dogo hakukuibia, alikaa nayo usiku mzima akaisikiliza.

Nenda Shangani ukamsalimie, akuonyeshe. Nasikia na yeye hana mtu wa kucheza naye.

Wadau, wewe ungekuwa dogo ungemrudishia kwa bei ile ile? Tupia maoni hapo chini, matusi hapana.