SAFU YA LUGHA: Kutegemea si kutarajia

Wapenzi wa michezo ya video husema: "Tunategemea Tenchu mpya." Hapana. Kutegemea ni kuegemea kitu kikubebe. Anayetegemea ni Rikimaru, ninja wa mchezo huo wa Kijapani uliotoka 1998: hutegemea giza limfiche, na kamba yenye ndoana impandishe juu ya paa, kisha amnyatie mlinzi kwa nyuma. Akivikosa hivyo, amekwisha.

Jambo linaloelekea kutokea tunalitarajia. Neno hili limetoka kwenye Kiarabu, raja, yaani tumaini, lakini Kiswahili kimetenganisha kutarajia na kutumaini. Anayetarajia ana sababu mkononi, kama vile tangazo la watengenezaji. Tarehe ikishatajwa, tunangoja. Asiye na dalili yoyote hutumaini tu. Toleo kubwa la mwisho la Tenchu, Shadow Assassins, lilitoka 2008, na wazo la kuuendeleza mchezo huo likaishia kuzaa mchezo mwingine, Sekiro, mwaka 2019. Basi mashabiki, semeni "tunatumaini". Siku FromSoftware, wenye haki za Tenchu, watakapotangaza, ndipo tutarajie. Tuyatunze maneno haya manne, kwani kila moja lina kazi yake.