Dola na Asilimia

Kuna makosa yasiyopiga kelele. Langu nililifanya nikiwa bado mgeni kazini, hapa Nairobi. Nilipewa skripti ya Unix iliyokuwa ikihifadhi nakala za ripoti kila usiku, nikaambiwa niigeuze iwe faili ya bachi ya Windows. Nikajiambia, si ni kubadilisha alama tu? Palipokuwa na $1 nikaweka %1, penye $2 nikaweka %2. Nikaona nimemaliza.

Amri yenyewe ilikuwa fupi: hifadhi --mwezi=Machi ripoti. Kwenye Unix hizo ni agumenti mbili, yaani maneno mawili yanayofuata jina la programu. Kwenye bachi, alama ya sawasawa hutenganisha maneno kama nafasi tu, kwa hivyo zikawa tatu: --mwezi, Machi, ripoti. %2 yangu ikawa Machi. Kila usiku skripti ilitafuta folda iitwayo Machi, ikaikosa, ikanyamaza. Wiki tatu baadaye diski ikafa. Kufungua nakala, hakuna kitu.

Chanzo cha mambo haya ni cha zamani kuliko mimi.

Unix ilianza mwaka 1969 huko Bell Labs, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Kwao, sheli ni kama karani wa mlangoni. Inasoma mstari ulioandika, inaukata vipande, inavua alama za mtajo, hata *.txt inaigeuza kuwa majina kamili ya faili. Ndipo inaikabidhi programu orodha iliyo tayari. Sheli ya Stephen Bourne, iliyotoka na Toleo la 7 la Unix mwaka 1979, ilikuwa na "$@", inayopitisha kila agumenti ilivyo hata kama ina nafasi katikati.

Upande mwingine kulikuwa na CP/M ya Gary Kildall, mfumo wa kompyuta ndogo za miaka ya 1970. Huko programu haikupewa orodha. Ilitupiwa mstari wenyewe, mbichi, ndani ya kisanduku cha baiti 128, ijikatie. Mwaka 1980 Tim Paterson akaandika mfumo ulioiga CP/M. Microsoft ikaununua, na mwaka 1981 ukaingia kwenye kompyuta ya IBM kwa jina PC DOS. Kisanduku kile nacho kikahamia huko. Cha kushangaza, faili za amri za CP/M zilitumia $1, kama Unix. Ni DOS iliyokuja na %1.

DOS 2.0 ya mwaka 1983 ilileta SHIFT, ya kusogeza agumenti, pamoja na folda ndani ya folda. Lakini mkwaju / ulikuwa tayari una kazi ya kuonyesha chaguo za amri, kwa hivyo njia za folda zikapewa \. Windows ikarithi yote hayo. Hadi leo, programu ya Windows hupokea mstari mmoja mzima na kuukata yenyewe.

Baadaye bachi ilipata %* ya kubeba agumenti zote, na %~1 ya kuvua alama za mtajo. Bado kuna mitego. SHIFT haigusi %*. Hakuna $# ya kukuhesabia agumenti. Ukiandika %10 unapata %1 ikifuatwa na sifuri.

Kwa hivyo ukigeuza skripti, usianze na alama. Anza kwa kuuliza: nani anaukata mstari huu, na anaukatia wapi? Kwangu dawa ilikuwa kuandika "--mwezi=Machi" ndani ya alama za mtajo, kuisoma kama "%~1", na kuhakikisha folda ipo kabla ya kunakili; isipokuwepo, skripti isimame na iseme.

Marekebisho yalikuwa mistari minne. Ripoti za wiki tatu tuliziandika upya, moja baada ya nyingine, kutoka kwenye karatasi.