Kuishuka Pwani ya Ureno

Nchi ya Ureno imelala kwa urefu wake kando ya Bahari ya Atlantiki. Pwani yake ya magharibi yaanza kaskazini kwenye mlango wa mto Minho, nayo yashuka kusini hata Rasi ya São Vicente. Hapo yapinda kuelekea mashariki mpaka mlango wa mto Guadiana. Msafiri wa tanga atakaye kuiona, na aanze kaskazini, ateremke bandari kwa bandari. Sababu yake ni upepo. Wakati wa kiangazi huvuma huko upepo wa kaskazini, ambao Wareno huuita nortada. Ashukaye husukumwa kutoka tezini. Apandaye hupigwa usoni, na mawimbi humpinga.

Sisi watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki tumezoea pepo za namna nyingine. Kaskazi ililetea bandari zetu majahazi ya Arabuni na Bara Hindi, na kusi iliyarudisha kwao. Mwenye subira alingoja tu, upepo ukageuka. Mabaharia wa Ureno walioshuka mpaka pwani ya magharibi ya Afrika hawakuwa na ahadi kama hiyo. Iliwabidi wajifunze mambo mawili. La kwanza ni chombo, yaani karaveli, yenye matanga ya pembe tatu, iliyoweza kwenda bisho. La pili ni njia: waliiacha nchi kavu wakaenda mbali baharini upande wa kaskazini-magharibi, hata wakapata pepo za magharibi za kuwarudisha kwao. Mzunguko huo waliuita volta do mar. Basi tushuke pwani hii, tutazame elimu hiyo iliwafikisha wapi, na ni nani walioilipia.

Bandari kubwa ya kwanza ni Porto, penye mlango wa mto Douro. Hapo alizaliwa mwana wa mfalme, Henrique, mwaka 1394. Merikebu za Porto zilikuwamo katika jeshi lililouteka mji wa Ceuta, katika Afrika ya Kaskazini, mwaka 1415.

Msafiri ashukapo zaidi ataona visiwa vya Berlengas, na mbele yake, barani, ngome ya Peniche. Ngome hiyo ilikuwa kifungo cha wapinzani wa serikali mpaka mwaka 1974. Leo ni nyumba ya makumbusho. Mtu wa Mombasa hatastaajabu, maana Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, nayo ilikuwa kifungo tangu 1895 hata 1958. Wataalamu wa lugha husema neno letu gereza latokana na neno la Kireno igreja, maana yake kanisa. Meza, bendera, leso na kasha ni maneno ya safari ile ile. Lakini hakuna lililogeuka maana kama hili.

Baada ya kuipita Rasi ya Roca, ambayo ndiyo ncha ya magharibi kabisa ya bara la Ulaya, chombo huingia mto Tagus na kufika Belém, katika mji wa Lisbon. Kutoka hapo Vasco da Gama aling'oa nanga tarehe 8 Julai 1497 akiwa na merikebu nne, na kaburi lake liko katika monasteri ya Jerónimos, karibu na maji. Msafiri asiishie kaburini, bali aende katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale. Humo mna chombo cha kanisa cha kuonyeshea Hostia Takatifu, kilichokamilishwa mwaka 1506. Dhahabu yake ni kodi ya Kilwa, ambayo Vasco da Gama alimlazimisha Amiri Ibrahim kuitoa mwaka 1502. Mwaka 1505 Wareno walirudi Kilwa, wakauteka mji na kuupora.

Kusini zaidi ni Sines, mji mdogo unaohesabiwa kuwa alikozaliwa Vasco da Gama. Mtoto aliyekulia hapo aliujua upepo wa kwao, lakini hakuzijua pepo zetu. Alipotoka Malindi Aprili 1498, mwanzo wa kusi, akiwa na rubani aliyepewa na mtawala wa mji, alivuka mpaka Bara Hindi kwa siku zipatazo 23. Alipotaka kurudi hakungoja kaskazi. Safari ikachukua karibu miezi mitatu, mabaharia wengi wakafa kwa kiseyeye, na merikebu moja ikachomwa moto kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Mwisho chombo huizunguka Rasi ya São Vicente na kuipita Sagres, alikofia Henrique mwaka 1460, kisha hutia nanga Lagos. Hapo, Agosti 1444, walishushwa Waafrika 235 waliotekwa, wakagawanywa mafungu, mama akatengwa na mwanawe. Mwandishi wa Kireno Zurara, ingawa alimsifu Henrique, aliandika habari za kilio chao. Yafaa msafiri ashuke pwani hapo, kwa kuwa huo ndio upande wa pili wa hesabu.

Huko Malindi, msalaba ulio juu ya nguzo ya Vasco da Gama ni wa jiwe lililotoka Lisbon. Jiwe lao limesimama kwetu, na dhahabu ya Kilwa imewekwa kwao. Mwalimu afundishaye habari za safari hizi, na awaonyeshe wanafunzi vyote viwili, pamoja na wale 235 ambao hawakuachiwa hata nguzo.