Mshabiki na Baridi ya Kipupwe

Kipupwe kiingiapo katika pwani ya Mrima, kati ya mwezi wa Juni na Agosti, kusi huvuma na usiku hupoa. Kwa mtu wa nchi za theluji baridi hiyo ni mzaha. Kwa mtu wa Bagamoyo, aliyezoea joto, ni sababu ya kutosha ya kujifunika gubigubi na kulala mapema. Hata hivyo, huo ndio wakati ambao masika yamekwisha, chakula kimevunwa, uwanja ni mkavu, na watu hukesha nje kwa ngoma na arusi. Mchezaji hutoka jasho, wala baridi haimpati. Mtazamaji amesimama tu. Yafaa kuulizwa basi: mshabiki hufuata nini gizani, hali tunzo si lake na kushindwa humuuma?

Jibu la kwanza limo katika desturi ya ngoma yenyewe. Umande hulegeza ngozi ya ngoma, na sauti yake hufifia. Kwa hiyo moto huwashwa kando ya uwanja, na ngoma huotwa mpaka ngozi ikakaza. Moto wa ngoma ndio moto wa watazamaji pia. Habari nyingi za michezo ya mji na ushindani wake zilihifadhiwa katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, na ambacho kwa sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo. Wakati huo Mtoro alikuwa Berlin akifundisha Kiswahili, katika nchi ambayo baridi yake si mzaha.

Katika mashindano ya ngoma hapakuwa na mwamuzi mwenye kipenga. Upande uliovuta watu wengi, ukaimba kwa sauti kubwa na kukawia uwanjani, ndio uliosemwa kuwa umeshinda. Hivyo mtazamaji hakuwa mgeni wa mchezo, bali alikuwa sehemu ya hesabu yake. Aliyekwenda kulala kwa ajili ya baridi aliwapunguzia wenzake ushindi. Aliyevumilia mpaka alfajiri aliwaongezea.

Jambo hili lilikuwa zito kuliko burudani. Bagamoyo ya karne ya 19 ilikuwa mlango wa misafara ya pembe. Wapagazi wa Kinyamwezi waliingia kwa maelfu. Watumwa na walioachwa huru walitafuta mahali pa kusimama mbele ya wenyeji waliojivunia ukoo. Karamu na ngoma zilikuwa njia mojawapo ya kudai heshima ya mji. Mtu asiye na shamba wala nasaba aliweza kuwa na upande, na mwenye upande ana watu wa kumzika.

Beni iliendeleza desturi hiyo. Ilizaliwa katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaiga bendi za kijeshi za Wazungu, ikaenea kusini. Katika Tanganyika pande mbili zilivuma, Marini na Arinoti. Marini walijiona waungwana; Arinoti walikuwa zaidi watu wa kazi na wageni wa mji. Kila upande ulikuwa na vyeo vyake na wajibu wa kusaidiana katika maradhi na mauti. Watawala Waingereza waliitazama beni kwa shaka, nao hawakukosea kabisa: watu wanaoweza kujipanga kwa mchezo waweza kujipanga kwa mengine.

Beni ilipofifia, mpira ulipata warithi wa ushabiki ule. Young Africans iliundwa Dar es Salaam mwaka 1935. Mahasimu wao walianza mwaka 1936, wakabadili majina mara kadhaa mpaka mwaka 1971 walipojiita Simba. Bagamoyo, iliyo kilomita 70 hivi kutoka Dar es Salaam, iligawanyika vivyo hivyo kati ya pande hizo mbili.

Lakini mpira ulimnyang'anya mshabiki kitu kimoja. Bao huhesabiwa na mwamuzi, na makelele ya watu 60,000 hayawezi kuliongeza. Tarehe 3 Juni 2023 Yanga iliishinda USM Alger bao 1 kwa 0, usiku, katika mji wa Algiers, lakini ikakosa Kombe la Shirikisho la Afrika, kwa kuwa ilikuwa imefungwa 2 kwa 1 nyumbani na mabao ya ugenini yalihesabiwa zaidi. Waliokesha mbele ya televisheni huku Tanzania wasingeweza kugeuza kitu, nao walilijua hilo kabla hawajaketi.

Kwamba walikesha hata hivyo kwaonyesha kuwa ushindi haukuwa shabaha yao pekee. Asiyekubali kushindwa si mshindani, husema wahenga, na neno hilo humhusu mtazamaji kama limhusuvyo mchezaji. Katika ngoma, kukesha kulikuwa hoja ya kushinda. Katika mpira kumebaki kuwa ushahidi tu, kwamba mtu fulani ni wa upande fulani, na kwamba upande huo wamjua. Katika miji iliyojengwa na wageni, ushahidi huo ulinunuliwa kwa gharama kubwa kuliko usiku mmoja wa baridi.