Adapta

Kwenye maduka ya simu Kisii mjini, adapta ni kile kidude kinachoingiza chaja ya pini mbili kwenye soketi ya pini tatu. Kwa fundi wa mabomba pale Keroka, ni kipande kinachounganisha paipu ya plastiki na bomba la chuma.

Neno hili limefika hata thelujini. Philip Boit, Mkenya aliyeshiriki Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, alitumia ski zinazoacha kisigino huru. Mkenya mwenzake Sabrina Simader, kwenye Olimpiki ya Pyeongchang 2018, aliteremka buti likiwa limebanwa mbele na nyuma. Asiye na pesa za vibanio vipya vya buti, na anayetaka kupanda mlima kwa ski za mteremko, hupachika adapta: fremu yenye bawaba inayokaa ndani ya kibanio, ili kisigino kiinuke. Kileleni huitoa, kisha huteremka. Ni nzito, lakini nafuu. Aliyewahi kupanda vilima vya Manga, kule Nyamira, anajua mguu usiokunjika haufiki mbali.

Wapo wanaopendekeza "kiunganishi". Mimi nakataa. Hilo tuliachie sarufi. Adapta hupatanisha vitu ambavyo havikuundwa kukutana. Tuseme adapta hii, adapta hizi.